Mawe ya Merigi na Barafu ya Mshtarii

Mvua ya mawe haibishi hodi Merigi, kwetu kwenye nyanda za chai za Kenya. Upepo hugeuka kwanza, hewa hupoa ghafla, mbwa hujipenyeza chini ya ghala la mahindi, kisha mabati huanza kupiga kelele hata aliye kando yako humsikii. Wachumaji walio katikati ya chai hujifunika magunia na kukimbilia kituo cha kuuzia majani. Dakika ishirini baadaye jua limeshatoka, na miteremko iliyokuwa ya kijani asubuhi imetandikwa weupe. Weupe huo hauna maisha marefu. Kufikia jioni umeshakuwa maji yanayotafuta njia ya mtoni. Kinachobaki ni machipukizi yaliyotobolewa, na kandokando ya kila tundu kuna mstari wa kahawia. Jani likijeruhiwa, hewa huingia kwenye jeraha na rangi hugeuka. Kiwanda cha chai hufanya jambo hilo kwa mpango na kwa saa. Mawe hulifanya kwa fujo.

Kogo wangu, yaani bibi, alikuwa na tabia yake siku kama hizo. Alitoka kabla mvua haijaisha vizuri, akaokota jiwe kubwa kuliko yote, akalipasua kwa panga pale kizingitini. Ndani mlikuwa na miviringo, mmoja wa maziwa, mmoja wa kioo, kama kitunguu. Alituambia tuhesabu miaka ya jiwe, jinsi mtu anavyohesabu miaka ya mti uliokatwa. Alikosea. Jiwe la mvua halimalizi hata saa moja tangu lizaliwe mawinguni hadi liyeyuke uani, na miviringo yake inaeleza tu hali za mawingu lililopitia. Lakini wazo lenyewe, kwamba barafu hubeba maandishi ya yaliyoipata, lilikuwa sahihi kuliko alivyojua. Iko barafu ambayo miaka yake inaweza kusomwa kwa rangi. Haiko Merigi. Iko kwenye miezi ya Mshtarii na kwenye vijidunia vilivyo mbali zaidi ya hapo, na kule si barafu inayolipiga jani. Barafu yenyewe ndiyo inayopigwa, nayo ndiyo inayogeuka kahawia.

Kabla ya kwenda huko, tukae kidogo nyumbani, maana historia ya sayansi ya barafu ilipita katika mashamba haya haya.

Kampuni za chai zilipoanza kupanda maeneo makubwa Kericho katika miaka ya 1920, zilikuta udongo mwekundu mzuri, mvua karibu mwaka mzima, na balaa moja ambalo halikuwa kwenye hesabu. Nyanda hizi, pamoja na vilima vya Nandi, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Katika miaka ya 1960 watu walijaribu kupigana na wingu kwa baruti. Roketi ndogo za kulipuka zilirushwa kutoka mashambani kuelekea mawingu ya mvua, na mwaka 1966 mtaalamu wa hali ya hewa H. W. Sansom alichapisha taarifa ya majaribio hayo. Baadaye zikaja ndege za kampuni ya Kimarekani, zikizunguka chini ya mawingu na kuyafukizia moshi wa ayodidi ya fedha. Moshi huo ulikuwa na historia yake: mwaka 1946, katika maabara za General Electric kule Schenectady, Bernard Vonnegut aligundua kwamba chembe za ayodidi ya fedha huyalaghai matone ya maji yaliyopoa kupita kiasi yakadhani yameona barafu, nayo yakaganda. Matumaini yalikuwa kwamba wingu likipewa chembe nyingi, litatengeneza mawe mengi madogo badala ya machache makubwa, na madogo huyeyuka njiani.

Halafu ukaja uvumbuzi ambao mimi huuona kuwa wa kuchekesha na wa kuhuzunisha kwa pamoja. Russell Schnell alikuwa ameshajifunza Marekani kwamba majani yanayooza hutoa vijichembe vinavyogandisha maji hata baridi isipokuwa kali sana. Mwaka 1982, yeye na Susan Tan-Schnell walichapisha utafiti kuhusu takataka za chai ya Kenya, yale majani makavu yaliyorundikana chini ya mistari ya michai. Walikuta kwamba takataka hizo ni chanzo kizuri cha vijichembe hivyo. Wachumaji wanapopita, miguu yao hutimua vumbi. Vumbi hupanda na hewa ya mchana. Mawingu ya alasiri hulipokea. Hoja ikawa kwamba huenda shamba la chai linajiandalia lenyewe mawe yanayolipiga. Mchumaji anatembea asubuhi akipanda mbegu za kile kitakachomfukuza saa tisa.

Tulichojifunza hapo ni kwamba barafu haianzi na maji matupu. Inahitaji uchafu. Ukiondoa uchafu wote, tone la maji linaweza kupoa hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri kabla halijakubali kuganda. Mambo ya barafu yamejaa ukaidi wa namna hiyo. Wasomaji wa Tanzania watamkumbuka Erasto Mpemba, mwanafunzi aliyewauliza walimu wake katika miaka ya 1960 kwa nini mchanganyiko wa moto wa aiskrimu uliganda kabla ya ule wa baridi, akachekwa, na mwaka 1969 swali lake likachapishwa katika jarida la fizikia akiwa na Denis Osborne. Sisi wa nchi za joto hatuna barafu nyingi, lakini tumeiuliza maswali mazuri.

Sasa tuinue macho.

Mabaharia wa pwani walimjua Mshtarii kwa jina hilo la Kiarabu karne nyingi kabla ya mtu kutengeneza darubini. Januari 1610 Galileo Galilei aliiona miezi yake minne mikubwa ikiandamana naye kama vifaranga. Mmoja wao ni Europa, wenye kipenyo cha kilomita 3,100 hivi, mdogo kidogo kuliko Mwezi wetu. Ilichukua zaidi ya miaka 300 kujua umefunikwa na nini. Gerard Kuiper aliona dalili za barafu katika mwanga wake katika miaka ya 1950, na mwaka 1972 Carl Pilcher na wenzake walithibitisha: ni barafu ya maji, maji yale yale ya mto na ya sufuria. Joto la juu pale ikweta ni takriban nyuzi 160 chini ya sifuri. Kwenye ncha hushuka hadi 220.

Mwaka uliofuata, Desemba 1973, chombo cha Pioneer 10 kilipita karibu na Mshtarii, kikakaribia kuharibiwa na mnururisho. Wanasayansi walishajua kutoka kwa mawimbi ya redio kwamba sayari hiyo ina chembe zilizonaswa katika sumaku yake, lakini hawakutarajia wingi ule. Mshtarii ana uga wa sumaku mkubwa kuliko wa sayari nyingine yoyote katika mfumo wa Jua, na ndani ya uga huo elektroni, protoni na ioni nyingine huzungushwa kwa mwendo wa kutisha. Mwaka 1979 chombo cha Voyager 1 kikaonyesha kiwanda cha chembe nyingi kati ya hizo: mwezi Io, jirani wa Europa, una volkeno zinazotapika salfa na oksijeni angani, na sumaku ya sayari huzikamata na kuzitia kasi.

Mtu akisimama juu ya barafu ya Europa bila kinga angepokea takriban sieverti 5.4 za mnururisho kwa siku moja, kipimo kinachotosha kuua. Sisi hapa Merigi tunakaa chini ya hewa yenye uzito wa karibu tani kumi kwa kila mita moja ya mraba. Huo ndio mwavuli wetu. Europa hauna mwavuli. Barafu yake imelala uchi chini ya mvua isiyokatika, ambayo matone yake ni madogo kuliko atomi.

Nayo barafu ikipigwa hivyo, hufanya nini?

Swali hili ni la zamani kuliko safari za anga. Baada ya Marie na Pierre Curie kutangaza radiamu mwaka 1898, haikuchukua muda watu kugundua kwamba chumvi za radiamu zikiwekwa ndani ya maji, viputo hutoka. Maji yalikuwa yakivunjwavunjwa bila moto wala umeme. Mwaka 1913 William Duane na Otto Scheuer waliyalinganisha maji na barafu chini ya miale ya alfa, wakaona kwamba barafu nayo huvunjika, ila kwa uchoyo zaidi. Kwa miongo mingi utafiti wa aina hiyo ulibaki mikononi mwa wanakemia, na baada ya vita vya pili vya dunia ukawa wa watu wa vinu vya nyuklia, ambao maji yao yalikuwa yakipigwa mnururisho kila saa. Hakuna aliyekuwa na haraka na barafu.

Haraka ilianzia mahali ambapo hukutarajia: kampuni ya simu. Katika maabara za Bell, kule Murray Hill, New Jersey, Walter Brown na Louis Lanzerotti walikuwa na mashine ya kurusha ioni. Lanzerotti alifanya kazi pia na kundi la kifaa cha Voyager cha kupima chembe, kwa hiyo mwezi wenye barafu ndani ya mvua ya ioni haukuwa jambo la mbali kwake. Waligandisha utando mwembamba wa maji kwenye bamba baridi ndani ya ombwe, wakaupiga. Hesabu za siku hizo zilisema ioni nyepesi yenye kasi kubwa itapenya barafu kama sindano, iondoe molekuli chache mno juu yake. Taarifa yao ya mwaka 1978 ilisema vingine kabisa. Barafu iliruka kwa wingi uliopita makadirio kwa mbali. Ioni haikuwa ikiisukuma barafu kama jiwe linavyosukuma changarawe. Ilikuwa ikiichangamsha kwa umeme wake, ikirarua elektroni kutoka kwa molekuli njia nzima ilikopita, na barafu ilijilipua yenyewe.

Kemia yenyewe inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Molekuli ya maji ni oksijeni moja iliyoshika haidrojeni mbili. Chembe yenye kasi ikipita, baadhi ya molekuli hukatika, zikabaki vipande viwili: haidrojeni peke yake, na oksijeni iliyobaki na haidrojeni moja. Kwenye maji ya kawaida vipande hivyo hurudiana upesi, ugomvi ukaisha. Kwenye barafu yenye baridi ya nyuzi 160 chini ya sifuri vimefungwa kila kimoja mahali pake. Haidrojeni, kwa kuwa ni ndogo, hupenya mianya ya barafu na kutorokea angani. Mwenzake haendi mbali. Vipande viwili kama hivyo vikikutana, huungana kuwa peroksaidi ya haidrojeni, ile dawa ya vidonda inayotoa povu, ambayo vinyozi na wasusi huitumia kung'arisha nywele. Peroksaidi ikipigwa tena, hutoka oksijeni kamili, hewa ile tunayovuta, ikibaki imenaswa ndani ya barafu au ikifuka polepole.

Ndiyo maana mwaka 1982 Lanzerotti na Brown, pamoja na Robert Johnson wa Chuo Kikuu cha Virginia, walithubutu kusema kwamba Europa lazima uwe na hewa nyembamba ya oksijeni, bila mmea hata mmoja. Watu walingoja miaka 13. Mwaka 1995 Doyle Hall na wenzake, wakitumia darubini ya Hubble, walitangaza kwamba wameuona mwanga wa oksijeni juu ya mwezi huo. Hewa hiyo ni nyembamba kiasi cha mara bilioni 100 chini ya yetu, lakini ipo. Mwaka huo huo kundi jingine likaona oksijeni iliyoganda ndani ya barafu ya Ganymede, mwezi mkubwa kuliko yote, na mwaka uliofuata ikaonekana hata ozoni. Kwangu mimi huu ndio utabiri bora katika habari nzima: watu walipiga kipande cha barafu chembamba kuliko ukucha huko New Jersey, wakasema kuna nini kilomita milioni 600 kutoka hapo.

Chombo cha Galileo kilikuwa kimeshafika Mshtarii Desemba 1995. Mwaka 1999 Robert Carlson na kundi lake walisoma mwanga wa Europa kwa kifaa chake cha infraredi, wakatangaza mambo mawili. La kwanza lilikuwa ile peroksaidi, kidogo tu, kiasi cha molekuli moja kwa kila mia kadhaa za maji. La pili lilikuwa asidi ya salfuriki iliyochanganyika na barafu, asidi ile ile ya betri ya gari. Salfa ile, walidhani, hutoka kwenye volkeno za Io, ikasafirishwa na sumaku, ikapigiliwa ndani ya barafu, na mnururisho ukaipika.

Tazama ilivyopangika. Mshtarii hujizungusha kwa muda usiofika saa kumi, na sumaku yake huzunguka pamoja naye, chembe zote zikiwa ndani. Europa unamzunguka kwa siku tatu na nusu. Kwa hiyo chembe huupita mwezi huo kutoka nyuma, nao uko kama mwendesha bodaboda anayekwenda taratibu huku mvua ya upepo ikimchapa mgongoni. Na kweli, mgongo wa Europa, upande unaofuata nyuma katika mwendo wake, ndio mweusi na mwekundu zaidi. Uso wake wa mbele ni mweupe kiasi.

Hapa ndipo rangi ya kahawia inaporudi, nami sijui namna ya kuizungumzia bila kukumbuka kiwanda cha chai. Aliyewahi kuingia kiwandani usiku anajua: jani lililonyaushwa husagwa na kuraruliwa na mashine, likitoka ni la kijani bado, halafu huachwa kwenye hewa yenye unyevu. Ndani ya saa moja au mbili limekuwa la shaba, na harufu imebadilika kutoka nyasi hadi kitu kinachofanana na tufaha. Watu wa kiwandani huita hatua hiyo kuchachusha, ingawa hakuna chachu wala hamira. Ni oksijeni tu, ikisaidiwa na kimeng'enya cha jani lenyewe, ikiunganisha molekuli ndogo zisizo na rangi kuwa kubwa zenye rangi. Kwenye barafu hakuna kimeng'enya, na anayesema ni jambo lile lile anadanganya. Kinachofanana ni umbo la habari. Kitu cheupe au kibichi kinararuliwa, vipande vinatafutana, na vinavyoshikana upya vinakunywa mwanga kwa namna nyingine.

Rangi ya Europa iliwasumbua watu kwa muda. Salfa ilieleza sehemu moja. Ila ile mistari mirefu na mabaka yenye umanjano-kahawia ilikuwa pia pale ambapo barafu ilionekana kupasuka na kutoa kitu kutoka chini. Mwaka 2015 Kevin Hand na Carlson, katika maabara ya JPL kule California, walichukua chumvi ya kawaida, ile ya mezani, wakaiweka ndani ya chombo cha ombwe kwa baridi ya Europa, wakaimiminia elektroni. Baada ya makumi ya saa, yanayolingana na hata karne nzima juu ya mwezi wenyewe, chumvi nyeupe ilikuwa imegeuka manjano iliyoelekea kahawia. Chumvi haikugeuka kuwa kitu kingine. Elektroni zilikuwa zimenaswa kwenye mapengo ya fuwele zake, na kila pengo lenye elektroni huzuia sehemu ya mwanga. Mwaka 2019 Samantha Trumbo na wenzake waliiona rangi hiyo hiyo kwa Hubble, ikiwa imejikusanya katika eneo la Tara Regio, mahali ambapo uso umevurugika. Kama chumvi ile imetoka chini, basi bahari iliyojificha chini ya barafu ya Europa huenda ina ladha inayokaribia maji ya Lamu.

Na kuna jambo ambalo Hand alilisema kutokana na jaribio hilo, ambalo nililisoma nikacheka peke yangu: kadiri chumvi ilivyopigwa muda mrefu, ndivyo ilivyozidi kukolea, kwa hiyo huenda rangi ikatumiwa kukadiria umri wa mabonde na mipasuko. Hesabuni miaka yake. Kogo asingeshangaa hata kidogo.

Nikiwa kwenye JPL, nitaje na hili kwa ufupi. Mwaka 2020 Murthy Gudipati na wenzake walitangaza kwamba barafu yenye chumvi ikipigwa elektroni hutoa mwanga hafifu, na kwamba mwanga hubadilika kulingana na chumvi iliyomo. Maana yake ni kwamba upande wa usiku wa Europa huenda unang'aa wenyewe.

Mbali zaidi ya Mshtarii, jua likiwa nyota kubwa tu, barafu haina maji peke yake. Kuna methani iliyoganda, nitrojeni, methanoli. Hizi zikipigwa, kaboni huanza kushikana na kaboni, na matokeo ni utomvu wa kahawia usio na jina la kikemia kwa sababu ni mchanganyiko wa maelfu ya vitu. Carl Sagan na Bishun Khare wa Cornell waliutengeneza mara nyingi kwenye chupa zao, ukawashinda kuusafisha. Mwaka 1979 wakaubatiza tholini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kitu cha tope. Walikiri kwamba walitamani kuuita lami ya nyota. Mimi ningechagua lami.

Tarehe 14 Julai 2015 chombo cha New Horizons kilipita Pluto, na picha zikaonyesha mkanda mpana wa rangi ya damu ya mzee kandokando ya uwanda mweupe wa nitrojeni. Lakini kilichonivutia zaidi ni mwezi wake, Charon. Ncha yake ya kaskazini ina doa jekundu, kana kwamba mtu amemwagia chai ya rangi. Will Grundy na wenzake walieleza mwaka 2016: methani hutoroka Pluto, kiasi chake hunaswa na Charon, na wakati wa majira ya baridi, ambayo pale nchani hudumu zaidi ya miaka 100, baridi hushuka karibu na nyuzi 250 chini ya sifuri na methani huganda juu ya ncha. Mwanga wa urujuanimno uliotawanywa na haidrojeni ya angani huigusa hata gizani na kuishonashona kuwa molekuli nzito. Jua likirudi, methani iliyobaki huruka, iliyoshonwa hubaki. Kila majira ya baridi huongeza tabaka lake. Siku ya mwaka mpya 2019 chombo hicho hicho kikapita Arrokoth, kijidunia cha mabonge mawili yaliyogusana, nacho kilikuwa chekundu kote, kikiwa na barafu ya methanoli.

Ningeweza kuishia kwenye rangi, lakini swali linalowakesha watu siku hizi liko chini ya barafu. Bahari ya Europa haifikiwi na jua. Kama kuna kitu hai ndani yake, kinakula nini? Mwaka 2000 Christopher Chyba alitoa hoja kwamba chakula huenda kinatoka juu: mnururisho huunda peroksaidi na oksijeni, barafu ikijigeuzageuza kwa mamilioni ya miaka huziteremsha baharini, na huko zinakutana na vitu vya miamba vinavyotamani oksijeni. Mnururisho ule ule unaoua juu ungekuwa mpishi wa walio chini. Uso wa Europa, kwa kuhesabu mashimo ya vimondo, una umri wa miaka milioni 40 hadi 90, kwa hiyo barafu hugeuzwa kweli.

Hesabu ya jiko hilo ilipunguzwa hivi karibuni. Septemba 2022 chombo cha Juno kilipita karibu na Europa, kikapima haidrojeni inayotoroka, na kutoka hapo Jamey Szalay na wenzake wakakadiria mwaka 2024 kwamba barafu yote ya mwezi huo hutoa takriban kilo 12 za oksijeni kwa sekunde. Hiyo ni kama tani 1,000 kwa siku, zinazotosha watu milioni moja kuvuta pumzi kwa siku hiyo. Inaonekana nyingi mpaka ukumbuke kwamba makadirio ya awali yalifika hadi kilo 1,000 kwa sekunde. Wapo waliovunjika moyo. Mimi sioni sababu ya kuvunjika moyo mapema hivyo, maana anayeangalia kilo zinazofika kituoni bila kujua ziko ngapi ghalani hajapima mavuno.

Tarehe 14 Oktoba 2024 chombo cha Europa Clipper kilirushwa kutoka Florida, kikiwa na uzito wa karibu tani sita na mafuta yake. Kingine, Juice cha Ulaya, kilitangulia kuondoka Aprili 2023 na kitafika Julai 2031, kikielekea zaidi Ganymede. Clipper kitafika Aprili 2030. Hakitauzunguka Europa; kingekaa hapo, mnururisho ungekimaliza. Vifaa vyake vya umeme vimefungiwa ndani ya sanduku la aluminiamu lenye kuta za unene wa milimita tisa hivi, na chombo kimepangiwa kumzunguka Mshtarii kwa njia ndefu, kikiingia kwenye mvua ile mara 49, kila mara kikipita karibu na Europa kwa muda mfupi, kisha kikitoka nje kutuma kilichookota. Ni jinsi mchumaji wa Merigi anavyofanya mwezi wa mawe: anasubiri ukingoni kwa gunia kichwani, anaingia mistarini mawingu yakipumua, anajaza kikapu haraka, anarudi chini ya bati.

Wiki iliyopita ilinyesha tena. Niliokota jiwe moja kubwa pale kizingitini, nikalipasua. Lilikuwa na miviringo minne, weupe mtupu, bila doa. Nilipomaliza kuihesabu, nusu ya jiwe ilikuwa imeshapita kati ya vidole vyangu.